Springi zilikatwa kabla gari halijapona: kisa cha Swift Sport moja ya Dar es Salaam

Kisa hiki ni cha Suzuki Swift Sport iliyotengenezwa na kubadilishwa na mwenyewe, nyumbani, kwa miezi kadhaa. Mwenye gari ameridhia kiandikwe kwa sharti kwamba jina lake, mtaa wake, namba ya gari na gereji alizopita visitajwe. Nitamwita Saidi. Mimi niliingia katikati, springi zikiwa zimeshakatwa, kwa hiyo ya mwanzo nayaeleza kama alivyonisimulia na kama vyuma vyenyewe vilivyoonyesha.

Ninachokitafuta humu ni mpangilio wa kazi. Gari lililochoka lilianza kubadilishwa kabla ya kutengenezwa, na karibu kila badiliko likaficha ugonjwa uliokuwepo tangu siku ya kununua.

Gari na mwenye gari

Swift Sport ya aina ya ZC31S ilianza kuuzwa Japani mwaka 2005, ikaendelea hadi 2010. Injini yake ni M16A ya cc 1,586, haina tabo, na inatoa nguvu farasi 125 ikifika mizunguko 6,800. Hilo la mizunguko ni la kukumbuka. Mtu aliyezoea Vitz akiendesha gari hili chini ya mizunguko 3,000 atasema halina kitu, kumbe nguvu zake ziko juu.

Mbele, kila upande una shokapu na springi vilivyofungwa pamoja, vimesimama juu ya amu ya chini, yaani mkono wa chuma unaounganisha gurudumu na bodi. Nyuma kuna boriti moja inayounganisha magurudumu mawili, na mlalo wa magurudumu hayo haurekebishiki. Stadi, yaani boliti zinazoshika gurudumu, zina unene wa milimita 12 na hatua ya uzi (umbali kati ya jino na jino) ni milimita 1.25, matundu ni matano kwenye duara la milimita 114.3, na kitovu cha hab, pale rimu inapokalia, ni milimita 60.1. Namba hizi zinachosha kusoma, lakini zimebeba nusu ya kisa.

Saidi ni mfanyakazi wa ofisini anayependa kushika spana mwisho wa wiki. Alikuwa na jeki ya gari, seti ya spana, na grenda ya kuazima kwa mjomba wake. Stendi za jeki hakuwa nazo, toki renchi (spana inayopima mkazo) pia. Gari alilinunua mkononi kwa mtu, odomita ikisoma karibu kilomita 140,000, na kumbukumbu pekee ya matengenezo ilikuwa karatasi za kubadilisha oili zilizobandikwa kwenye boneti. Malalamiko yake yalikuwa mawili: gari halivuti, na likipita kasi ya 80 linatangatanga barabarani.

Malalamiko yote mawili yalikuwa ya kweli. Tatizo ni dawa aliyoyatafutia.

Dawa za mwanzo

Kwa kuwa halivuti, aliondoa boksi la eaklina, yaani chujio la hewa ya injini, akafunga eaklina ya koni iliyo wazi ndani ya boneti, kisha akatoa sailensa ya nyuma akaweka ya mdomo mkubwa. Alipolijaribu aliona limechangamka. Hakupima. Gari lenye sauti kubwa humwambia dereva kwamba linakwenda, hata kama spidi ni ile ile ya jana.

Kwa kuwa linatangatanga, aliamua kulishusha. Hoja yake haikuwa ya kijinga: gari la chini hulalia barabara, na magari mengi ya mashindano yako chini. Springi fupi za kiwandani zilikuwa ghali, hivyo akakata zilizopo kwa grenda, mzunguko mmoja na zaidi kidogo kila upande. Gari lilisimama juu ya matofali ya saruji, ambayo hupasuka bila kutoa taarifa, na springi za mbele alizibana kwa mnyororo kwa sababu hakuwa na kibanio chake. Springi iliyobanwa kwenye shokapu ikifyatuka inavunja taya. Alitoka salama, na sina maelezo mengine zaidi ya bahati.

Kisha zikaja rimu za inchi 17 zenye matairi 215/40 badala ya zile za 16 zenye 195/50. Kipenyo cha nje hakikubadilika sana, tofauti ni kama milimita mbili na nusu, kwa hiyo spidomita haikudanganya. Kilichopungua ni ukuta wa tairi: kutoka milimita 97.5 hadi 86. Kwenye lami nyororo hutaona chochote. Kwenye matuta na mashimo ya barabara ya kwenda kwake, rimu ndiyo iliyoanza kupokea kile ambacho zamani kilipokelewa na mpira.

Siku hiyo hiyo usukani ukaanza kutetemeka kati ya 90 na 100. Alirudi kwa fundi wa matairi kufanya balansi, na mara zote mashine ilisoma sifuri.

Nati za Toyota

Simu yake niliipokea jioni akiwa pembeni ya barabara ya Bagamoyo. "Kaka, usukani unacheza kama hauna gurudumu." Nikamwambia asisogee hata mita.

Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa na nati nne. Mbili zilizunguka kwa vidole. Ya tano haikuwepo kabisa.

Rimu mpya zilikuwa na matundu membamba ambayo nati za asili za Suzuki hazikuingia. Muuzaji akampa nati nyembamba kutoka kwenye boksi la vitu vya Toyota. Mjini hapa vitu vya Toyota ndivyo vimejaa madukani, na kwa macho nati ni nati. Lakini nati ya Toyota ina hatua ya uzi ya 1.5, na stadi ya Suzuki ni 1.25. Ukiijaribu kwa mkono itazunguka kidogo halafu itagoma. Mashine ya upepo haigomi: inaisukuma ndani huku ikichinja uzi, na mwisho inakaza vizuri kabisa. Ule mkazo anaousikia fundi ni wa chuma kusagana na chuma, siyo wa rimu kushikwa.

Tulichofanya ni kupata nati nyembamba za 1.25 na kuzipitisha kwenye stadi zote ishirini kwa vidole, bila spana. Stadi iliyoikubali nati mpaka mwisho ilibaki. Tisa zilikataa, zikang'olewa zikawekwa mpya. Saidi alitaka kuzichonga uzi upya zile zenye majeraha madogo ili zitumike. Nilikataa, kwa sababu stadi iliyopunguzwa nyama inaweza kukubali mkazo leo ikakatika kwenye kona kesho, na bei ya stadi ni ndogo mno kuifanyia ubahili.

Mtetemo ulibaki. Hapo ndipo tulipopima kitovu: rimu zilikuwa na tundu la milimita 73.1, hab ni 60.1. Rimu za kuuzwa kwa magari mengi hutobolewa kubwa makusudi, halafu pengo hujazwa na ringi. Yeye hakupewa ringi. Mashine ya balansi hushika rimu kwa tundu la katikati, kwa hiyo ilikuwa inasema kweli kila mara: rimu yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilizaliwa gurudumu likifungwa garini, kwa sababu lilining'inia kwenye nati peke yake, tena likikazwa uzito wa gari ukiwa umeshalikalia. Fundi mchongaji vyuma alitutolea ringi nne za aluminiamu za 73.1 kwa 60.1. Mtetemo ukaisha siku hiyo hiyo.

Safari ya Morogoro

Kwa Saidi mambo yalikuwa yamekwisha. Mimi nilimwomba alilete tulikague chini, akaahirisha.

Kilichomrudisha ni baba yake. Alikuwa na safari ya kwenda kuwasalimia wazazi Morogoro, na mzee hapendi makelele ya magari getini kwake. Kwa heshima, Saidi akafunga sailensa ya asili ya kwendea na kurudia. Kabla hajafika Chalinze alisikia mvumo ambao hakuwahi kuusikia: unapanda na spidi, na akikata kushoto unaongezeka. Aliposimama kununua maji akanusa breki. Gurudumu la mbele kushoto halikushikika kwa joto. La kulia lilikuwa vuguvugu tu.

Mvumo unaoongezeka ukikata kushoto, uzito ukihamia kulia, ni bearingi ya kulia. Joto la kushoto ni breki inayoshika. Magonjwa mawili, pande mbili, na yote yalikuwa yamefunikwa na sailensa ya mdomo mkubwa. Ndiyo maana hata zile nati zilizolegea hakuzisikia, mpaka usukani wenyewe ulipompa habari.

Tulichokikuta chini

Pini za kalipa ya kushoto, ile inayobana pedi za breki, zilikuwa kavu, moja imeganda. Pedi ya ndani imekwisha karibu na chuma, ya nje bado nene. Gari lilikuwa linatembea huku limeshika breki, na hii ndiyo sehemu kubwa ya lile "halivuti". Oili ya breki ilikuwa nyeusi. Oili hii hunyonya unyevu wa hewa, na Pwani unyevu haukosekani: ya DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 155. Kwa kalipa inayoshika muda wote, 155 siyo mbali.

Bushi (mipira ya maungio) za nyuma za amu za chini zilikuwa zimepasuka kiasi kwamba ukitia wenzo amu inasogea mbele na nyuma. Ndiko kutangatanga kulikotoka, tangu siku ya kwanza, kabla grenda haijawashwa. Shokapu mbili za mbele zilivuja. Ile mipira ya ndani inayozuia shokapu isigonge mwisho ilikuwa imebaki vipande, maana gari lililoshushwa lilikuwa linaitegemea kwenye kila tuta.

Springi zenyewe zilieleza habari yao vizuri. Ugumu wa springi unategemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi: ikiwa mitano na ukaondoa mmoja, ugumu unapanda kwa robo. Kwa hiyo springi zilikuwa ngumu zaidi huku shokapu zikiwa zimekufa, na ndiyo maana gari liliruka-ruka. Ncha iliyokatwa haikukaa kwenye kiti chake. Gurudumu likining'inia upande mmoja wa tuta, springi ililegea ikajizungusha, ikarudi na mlio. Kiti kilikuwa kimechongwa mfereji.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitarajii. Mbele ya gari la namna hii likishushwa sana, amu ya chini hupita usawa na kuelekea juu kwa nje. Nukta ambayo gari hujiinamia inashuka haraka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka, na matokeo ni kwamba springi inalazimika kubeba mwinamo mkubwa zaidi kwenye kona. Umelishusha ili lisiiname, nalo linapata sababu mpya ya kuinama. Pamoja na hayo uelekeo wa magurudumu hubadilika, na Saidi hakupiga alaimenti baada ya kukata. Matairi mapya ya mbele yalikuwa yameliwa ndani hadi kukaribia nyuzi, nje yakiwa bado na meno.

Uamuzi, na ubishi wake

Tulikubaliana kwanza juu ya utaratibu: breki, bearingi, bushi na shokapu, matairi, alaimenti, kisha injini mwisho. Sababu ya kuiweka injini mwisho ni kwamba huwezi kupima nguvu ya gari lililoshika breki.

Springi zilitugombanisha. Saidi alitaka koilova, yaani shokapu na springi za kurekebishika urefu, za bei nafuu ili urefu wa chini ubaki. Nilipinga kwa sababu ya bajeti tu: fedha hiyo ingemeza bearingi, bushi na pedi kwa pamoja, na angebaki na gari la chini lenye magonjwa yale yale. Angekuwa na fedha zaidi ningempa ruhusa ya springi fupi za kiwandani za kushusha milimita 20 hadi 25, shokapu mpya na alaimenti, na nisingeona kosa. Tukaamua springi za asili zilizotumika. Wauza vipuri wa eneo la Gerezani walituonyesha kwanza za Swift ya kawaida, "ni zile zile, bosi." Si zile zile, tulilinganisha unene wa waya na zile zilizokatwa, tofauti ikaonekana. Za Sport zilipatikana baadaye.

Kazi ya kufungua shokapu za mbele ilipelekwa gereji yenye kibanio cha springi. Saidi alijisikia vibaya kulipia kitu alichokwisha kukifanya mwenyewe. Bushi na amu alifunga yeye nyumbani, safari hii juu ya stendi, na hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipita: boliti za bushi za amu hazikazwi mwisho gari likiwa linaning'inia. Mpira wa bushi umeshikana na chuma pande zote mbili. Ukiukaza magurudumu yakiwa hewani, gari likishuka mpira unabaki umesokotwa muda wote, na unapasuka mapema. Aliviweka kwa mkono, akashusha gari kwenye mbao chini ya magurudumu, ndipo akakaza kwa toki renchi ya kuazima.

Eaklina ya koni haikuhitaji ubishi, ilihitaji kipimo. Tulichukua kipimajoto cha waya, cha aina inayotumika kwenye mashine za kutotolea vifaranga, tukaweka ncha yake kwenye mdomo wa eaklina. Kwenye foleni ya jioni koni ilivuta hewa ya nyuzi zaidi ya 60. Boksi la asili, linalovuta hewa kutoka mbele, lilikaa karibu na 40. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 6 kuliko ya nyuzi 40, na injini isiyo na tabo huishi kwa hewa inayoipata. Boksi likarudi na eaklina mpya ya karatasi.

Sailensa ya mdomo mkubwa aliirudisha, na sikumpinga sana. Nilichosisitiza ni kwamba kila ukaguzi ufanyike na ya asili.

Matokeo

Kutangatanga kuliisha gari lilipotoka kwenye alaimenti, na Saidi alisema maneno ambayo ningependa kila mwenye gari dogo la michezo ayasikie mapema: "Kumbe hivi ndivyo lilivyotengenezwa." Lilikuwa juu zaidi ya lilivyokuwa kwa wiki nyingi, na lilikata kona vizuri zaidi. Rimu za 17 alizibakiza, ingawa moja ilipinda kwenye shimo muda mfupi baadaye. Mimi ningerudi kwenye 16. Yeye anasema hawezi, macho yameshazoea.

Upande wa nguvu, tulilipima asubuhi sana kwenye kipande kimoja cha barabara tupu, gia ya tatu, kutoka 40 hadi 80. Kati ya koni na boksi, gari likiwa bado la baridi, tofauti ilikuwa ndogo kuliko kosa la kidole kwenye saa ya simu. Baada ya kalipa, plagi na kusafisha throto, tofauti ilionekana bila saa.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Kipimo cha nati kwa vidole ndicho kitu cha thamani kuliko vyote katika kisa hiki. Hakina gharama, kinachukua dakika chache, na kingezuia tukio la barabarani. Nati ambayo haiingii kwa mkono hadi mwisho haipaswi kuonyeshwa mashine ya upepo, hata muuzaji aseme nini.

Balansi iliyorudiwa-rudiwa inaonyesha kosa la aina nyingine. Fundi wa matairi hakudanganya. Alijibu swali aliloulizwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini rimu isiyo na kosa mezani inatetemeka garini. Majibu sahihi yakija mara tatu na ugonjwa ukabaki, kinachotakiwa kubadilika ni swali.

Sailensa ilileta hasara ambayo haipo kwenye hesabu za mtu anayeinunua. Dereva wa gari la zamani hufanya uchunguzi kwa masikio kila siku bila kujua, na Saidi alikuwa ameyaziba. Haina maana kwamba isifungwe. Ingefungwa baada ya gari kusikilizwa vizuri likiwa kimya.

Kukata springi kulishindwa kwa kila kipimo isipokuwa kimoja: mwonekano. Na niseme wazi kwamba mwonekano ni sababu halali ya kubadilisha gari lako. Shida ilikuwa kuuita mwonekano tiba ya kutangatanga, kwa hiyo bushi zilizopasuka zikaendelea kupasuka huku mwenyewe akiamini ameshalishughulikia.

Lipo pia lililoshindwa hata baada ya utaratibu kupangwa. Tulikubaliana kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha kipimo, ndipo kingine. Kwenye breki na bushi alivumilia. Alipofika kwenye injini, hamu ikamzidi: alibadilisha plagi, akasafisha throto na kumalizia kalipa mchana mmoja, akanipigia simu usiku kunipa habari njema. Sasa yeye anasema ni plagi ndizo zilizorudisha nguvu. Mimi nasema ni ile kalipa. Vipimo vya kutuamua havipo.